Geuza Karatasi: Mwongozo Kamili wa Kununua, Kusoma na Kutunza Chapa za Mbao za Kijapani

Chapa yangu ya kwanza ya Kijapani iliumbuliwa na fundi saa.

Nilikuwa nimeinunua mtandaoni kwa dola 180. Muuzaji aliandika kwamba ni ya zamani, ni halisi, ni ya mchoraji Hiroshige. Picha yenyewe ni ile ya mvua ya ghafla kwenye daraja la Shin-Ohashi: watu wamejikunyata chini ya miavuli na mikeka, na mtoni mtu mmoja anasukuma chelezo kana kwamba mvua haimhusu. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Kariakoo, si kwa kuwa anajua sanaa, ila kwa kuwa ana ile lenzi ya kubana jichoni. Akainama juu ya picha, akakaa kimya kidogo, kisha akacheka. "Kaka, hizi nukta hizi. Kama gazeti." Nikaangalia mwenyewe. Kweli, nukta za buluu, nyekundu na njano, zimejipanga kama dagaa juani.

Kibao cha mbao hakitoi nukta. Kinatoa rangi iliyolala kwenye nyuzi za karatasi, na mara nyingine alama za mbao yenyewe. Ile niliyouziwa ilitoka kwenye mashine ya ofseti. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza jina la mchoraji, naigeuza karatasi nione mgongo wake. Mbele panadanganyika kirahisi. Mgongo unahitaji mwongo mwenye bidii sana.

Hatua ya 1: Jua inavyotengenezwa

Usiruke sehemu hii. Kila kosa la mnunuzi mgeni linatoka hapa.

Mjini Edo, ndiyo Tokyo ya leo, chapa moja ilipita kwa watu wanne. Mchapishaji ndiye mwenye fedha na ndiye anayeamua nini kitauzika. Mchoraji anachora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji anaibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, kisha anachonga kandokando ya mistari yake na kuiacha imeinuka. Mchoro unaisha hapo hapo, umekatwakatwa na kisu. Kwa hiyo anayekuambia ana "mchoro wa asili ambao chapa ilinakiliwa kutoka kwake", mwulize maswali mengi. Kilicho cha asili katika sanaa hii ni chapa yenyewe, na ziko nyingi.

Kutoka kibao cha mistari zinatolewa nakala kadhaa za wino mweusi. Mchoraji anaonyesha rangi gani iende wapi, na kila rangi inachongewa sehemu yake. Kwenye kila kibao mchongaji anaacha alama mbili ndogo ziitwazo kento, moja ya pembe na nyingine ya mstari ulionyooka. Karatasi inaegemezwa hapo kila mara, ndiyo maana rangi kumi zinaangukia mahali pake bila kupishana. Zikipishana kidogo utaona ukingo mweupe au wa rangi mbili kwenye mkono wa nguo. Si dhambi, lakini inakuonyesha siku ile mchapaji alikuwa na haraka.

Mchapaji ndiye wa mwisho. Karatasi yake ni washi ya nyuzi ndefu za mti wa jamii ya mforosadi, imepakwa gundi na shabu ili isinywe rangi ovyo, kisha imelowanishwa kidogo. Anapaka rangi kwenye kibao kwa brashi, anaongeza gundi ya mchele, analaza karatasi juu, na anaisugua mgongoni kwa baren: kisahani cha kamba ya mwanzi iliyozungushwa na kufungwa kwa ganda la mwanzi. Hakuna mashine ya kugandamiza. Ni bega na kiganja. Ndiyo maana mgongo wa chapa halisi una michirizi ya kuzunguka ya baren, na rangi imepenya ikaonekana kwa nyuma kama jasho kwenye shati.

Msomaji wa pwani hana haja ya kushangaa sana. Kanga za mwanzo Unguja zilichapwa kwa mkono, kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Na katika karne ya 20 kanga nyingi tulizojifunga zilikuja zimechapwa Japani. Wajapani walijua kupanga rangi zetu kabla sisi hatujaanza kutazama zao.

Hatua ya 2: Chagua kona yako

Ukitaka kila kitu utaishia na bahasha ya mabaki. Kuna vipindi vitatu vikubwa.

Cha kwanza ni ukiyo-e, "picha za dunia inayoelea": waigizaji wa kabuki, yaani tamthilia ya jukwaani ya Kijapani, warembo, wapiganaji, baadaye mandhari. Rangi kamili zilianza mwaka 1765 kwa kazi za Suzuki Harunobu. Utamaro alichora nyuso za wanawake. Sharaku alitokea mwaka 1794, akachora waigizaji kwa miezi kama kumi, akapotea. Hokusai (1760–1849) na Hiroshige (1797–1858) ndio walioifanya mandhari kuwa biashara. Hokusai alitoa mfululizo wa mandhari 36 za mlima Fuji, ukauzika, ukaongezwa hadi picha 46 bila kubadilisha jina. Buluu kali ya humo inaitwa bero-ai, "bero" ikiwa ni Berlin: rangi ya Kijerumani iliyofika Japani kwa meli na kuenea kwenye chapa karibu na mwaka 1830. Kwa hiyo Wimbi, picha ya mfululizo huo ambayo dunia nzima inaiona kuwa Ujapani mtupu, imesimama juu ya rangi ya kuagizwa.

Cha pili ni shin-hanga, "chapa mpya", cha mwanzoni mwa karne ya 20 hadi katikati. Mchapishaji Watanabe Shozaburo aliwakusanya wachoraji, wachongaji na wachapaji kufanya kazi kwa mpango ule ule wa zamani, lakini kwa mwanga na vivuli vya kisasa. Kawase Hasui (1883–1957) ndiye bwana wa theluji na mvua za usiku. Yoshida Hiroshi (1876–1950) alijichapishia mwenyewe na alisafiri sana. Ana hata chapa ya Sfinksi wa Misri. Ohara Koson ni wa ndege.

Cha tatu ni sosaku-hanga, ambapo msanii anachora, anachonga na kuchapa mwenyewe. Yamamoto Kanae alianza mwaka 1904 kwa picha ya mvuvi. Munakata Shiko, aliyechonga uso ukigusa ubao kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu, alipata tuzo kuu ya uchapaji Venice mwaka 1956.

Ushauri wangu kwa mwenye mfuko wa kawaida: anza na picha za waigizaji za Kunisada (1786–1865), mchoraji wa ukiyo-e. Alifanya kazi nyingi mno, nazo zimebaki nyingi, kwa hiyo karatasi halisi ya miaka ya 1850 inapatikana kwa dola 50 hadi 150 ikiwa na kasoro ndogo. Wimbi la Hokusai lilinunuliwa kwa dola milioni 2.76 kwenye mnada wa Christie's, New York, Machi 2023. Kati ya bei hizo mbili tofauti si ufundi peke yake. Ni jina, na idadi ya watu wanaolitaka.

Hatua ya 3: Soma mbele ya karatasi

Chukua rula kwanza. Kipimo cha kawaida, oban, ni karibu sentimita 39 kwa 26. Chuban ni nusu yake. Ikiwa umeambiwa ni oban na unapima 35 kwa 23, kuna mtu amepita na mkasi.

Kisha tafuta saini. Jina la mchoraji hufuatwa na herufi inayosomwa "ga" au "hitsu", maana yake "amechora" au "kwa brashi ya". Saini hiyo imechongwa kwenye kibao, haikuandikwa kwa mkono, kwa hiyo haithibitishi chochote peke yake. Hata chapa ya kughushi inayo.

Mihuri ndiyo tamu. Serikali ya Edo ilikagua picha kabla hazijauzwa, na muhuri wa mkaguzi ulichongwa humo humo. Kuanzia mwaka 1791 hadi 1842 ulikuwa muhuri mdogo wa duara wenye neno "kiwame", yaani imepita. Kisha ikaja mihuri ya majina ya wakaguzi, halafu muhuri wa "aratame", yaani imekaguliwa, na wa tarehe wenye mnyama wa mwaka na namba ya mwezi.

Ninayo karatasi moja ya Kunisada ambayo ilinifunza kuhesabu. Muhuri wa tarehe ni wa mwaka wa Panya. Wanyama ni kumi na wawili, wanazunguka, kwa hiyo Panya aweza kuwa wa 1852 au wa 1864, na Kunisada alikuwa hai miaka yote miwili. Ila pembeni ya Panya huyo kuna mihuri miwili ya majina ya wakaguzi. Kufikia 1864 mambo yalishaunganishwa katika muhuri mmoja wa duara, tarehe na "aratame" pamoja. Basi ni 1852. Saini kwenye karatasi hiyo inasoma "Toyokuni", kwa sababu Kunisada alirithi jina la mwalimu wake mwaka 1844. Wanaoanza huona "Toyokuni" wakadhani wamepata kazi ya mwalimu, aliyefariki mwaka 1825. Muhuri wa mwaka wa Panya unamaliza ubishi huo.

Si lazima ujue Kijapani. Piga picha, kisha linganisha na nakala zilizowekwa mtandaoni na makumbusho. Makumbusho ya Boston ina chapa za Kijapani zaidi ya 50,000, nyingi zikiwa na picha na maelezo ya bure. Tovuti ya ukiyo-e.org inakusanya picha za makumbusho na maduka mengi: unapandisha picha yako, inakutafutia zinazofanana. Hapo ndipo unapogundua kwamba nakala yako haina wingu ambalo nyingine zote zinalo.

Hatua ya 4: Tambua ni nakala ya namna gani

Watu huuliza "ni orijino au feki?" Swali hilo ni jembamba. Kuna ngazi nne.

Ya juu ni iliyochapwa mapema kutoka vibao vya kwanza. Mistari ni myembamba kama unywele na rangi zimefanyiwa bokashi, ile ya kufifia taratibu, ambayo mchapaji anaifanya kwa kupangusa kibao kila karatasi. Inachukua muda, ndiyo maana chapa za baadaye huiacha au huirahisisha.

Inafuata iliyochapwa baadaye kutoka vibao vile vile. Mbao huchoka. Mstari unavimba, unakatika, ncha zinamomonyoka. Kwenye Wimbi la Hokusai wataalamu huangalia mistari ya kisanduku chenye jina la picha, kushoto juu: mahali ilipokatika panaonyesha nakala imetoka mapema au mwishoni. Ni halali, ni ya zamani, lakini si bei ile.

Ya tatu imechongwa upya na kuchapwa kwa mkono, mara nyingi katika karne ya 20. Nyumba za uchapaji kama Adachi ya Tokyo na Unsodo ya Kyoto zinafanya hivyo waziwazi na kwa ustadi mkubwa. Mimi naipenda ngazi hii kuliko wakusanyaji wengi wanavyokiri. Kwa anayetaka kuona rangi zilivyokuwa siku ya kwanza, nakala mpya nzuri inafundisha kuliko karatasi ya 1833 iliyofifia. Tatizo linakuja pale mtu wa tatu anapoiuza kama ya Hiroshige mwenyewe.

Ya nne ni ya mashine. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha: ukiona nukta, funga mjadala.

Kuzipambanua ngazi tatu za mkono, geuza karatasi. Washi ya zamani ina nyuzi zinazoonekana ukiiinua dhidi ya dirisha, na rangi yake ni ya krimu isiyo sawasawa. Nakala ya kuchongwa upya huwa na karatasi nene, nyeupe, safi mno kwa umri inaodai. Karatasi iliyochovywa chai ili izeeke ina rangi moja hadi pembeni. Uzee wa kweli hauendi sawa, unaanzia kwenye kingo na palipogusana na fremu.

Kwa shin-hanga vigezo ni vingine, kwa sababu vibao viliendelea kutumika hata baada ya mchoraji kufa. Kazi ya Hasui ina muhuri wa mchapishaji pambizoni, na muhuri huo ulibadilika umbo na ukubwa mwaka hadi mwaka. Kuna majedwali yake, yatumie. Zile za kabla ya tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 ni adimu, kwani moto ulimteketezea Watanabe vibao na akiba yake ya chapa. Kwa Yoshida tafuta muhuri wa "jizuri" kwenye pambizo, ishara kwamba uchapaji ulisimamiwa na yeye mwenyewe, pamoja na saini ya penseli. Saini iliyogongwa badala ya kuandikwa mara nyingi ni ya baada ya kifo chake, na bei hushuka.

Hatua ya 5: Pima hali yake

Kufifia ni ugonjwa usio na dawa. Nyekundu ya maua iitwayo beni na buluu ya maua ya zamani huliwa na mwanga hadi anga libaki la kijivu na midomo ibaki ya kahawia. Bero-ai hustahimili. Ukiona buluu kali karibu na nyekundu iliyokufa, picha ilikaa ukutani miaka mingi. Nyekundu na zambarau zinazopiga kelele, kwa upande mwingine, ni rangi za viwandani zilizoingia nusu ya pili ya karne ya 19. Hazimaanishi uongo, zinamaanisha kipindi.

Matundu ya wadudu, mstari wa kukunjwa katikati, madoa ya kahawia kama ya ndizi iliyoiva: haya yanavumilika bei ikiwa chini. Kilichokatwa pambizo kinavumilika kwa Kunisada, hakivumiliki kwa Hasui. Kilichobandikwa na gundi juu ya kadibodi, mimi sinunui, hata kikiwa kizuri vipi, maana mgongo wake umefungwa na siwezi kuusoma.

Hatua ya 6: Nunua

Mtaa wa Jimbocho, Tokyo, ndio mtaa wa vitabu vya zamani, na maduka yake kadhaa yana droo za chapa unazoruhusiwa kuzifungua. Osha mikono, kausha, shika karatasi kwa mikono miwili kwa pembe zinazopingana. Usinyooshe kidole juu ya rangi. Wenye maduka wanakuona.

Wengi wetu tutanunua kwa mbali. Mwombe muuzaji vitu vitatu: picha ya mgongo mzima, picha ya karibu ya uso au maandishi, na kipimo kwa sentimita. Anayekawia kutuma mgongo kwa visingizio, mwache. Kizuri chajiuza. Uliza kwa maandishi "je, imechongwa upya?" na "je, rangi imeongezwa baadaye?", na uhifadhi majibu. Agiza isafirishwe imelazwa kati ya mbao mbili ngumu pana kuliko karatasi, isikunjwe bomba. Bei ya ushuru uihesabu kabla, si siku unapopigiwa simu kutoka posta.

Hatua ya 7: Itunze, hasa ukiishi pwani

Dar es Salaam, Mombasa na Unguja unyevu wa hewa hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na karatasi inataka karibu 50. Ukungu hauhitaji mwaliko.

Usiilaminishe. Nalisema kwa ukali kwa sababu mkono wetu umezoea: cheti tunalaminisha, picha ya harusi tunalaminisha. Joto na plastiki vitaiunganisha washi na kitu kisichobanduka milele. Selotepu pia marufuku. Gundi yake hugeuka njano na kupenya hadi mbele.

Weka kila chapa ndani ya folda ya karatasi isiyo na asidi, folda ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikaushe au uvibadilishe kila baada ya miezi michache. Boksi liwe juu ya kabati la ndani ya nyumba, mbali na ukuta wa nje na mbali na bafu. Mara moja kwa mwezi fungua, tazama, acha hewa ipite. Mende wanapenda gundi ya wanga kuliko wewe unavyompenda Hiroshige, kwa hiyo hakuna chakula chumba hicho.

Ukitaka kutundika, fundi wa fremu atataka kuibandika kadibodini na kuigandamiza kwenye kioo. Simama naye. Chapa ishikiliwe juu tu kwa vipande viwili vidogo vya washi na gundi ya wanga wa ngano, kuwe na fremu ya ndani ya karatasi ngumu isiyo na asidi inayoiacha mbali na kioo, na kioo kiwe cha kuzuia miale ya jua. Ukuta usiopigwa na jua hata saa kumi na moja jioni. Makumbusho huonyesha chapa kwa mwanga wa karibu laksi 50, hafifu kiasi cha kulazimisha jicho kuzoea, na baada ya miezi michache huzirudisha gizani. Nyumbani fanya hivyo hivyo: moja ukutani, nyingine zimelala, kisha zamu.

Hatua ya 8: Tazama

Chapa hizi hazikutengenezwa kwa ukuta. Edo mtu alinunua moja kwa bei iliyokaribia bakuli la tambi, akaishika mkononi au akaipitisha kwa wenzake waliokaa mkekani. Basi kaa chini. Zima taa ya juu, fungua dirisha upande mmoja tu, inamisha karatasi polepole mwanga uipige kwa ubavu.

Ile Kunisada yangu ya Panya, kwa mbele, ni mwigizaji aliyekunja uso, amevaa nguo nyeusi. Niliishi nayo miezi minne nikijua kwamba nguo ni nyeusi tu. Siku moja mwanga wa jioni uliingia chini kidogo, na juu ya ule weusi ukatokea weusi wa pili unaong'aa: mapambo ya miraba, yamesuguliwa hadi yakapata mng'ao, hayaonekani ukiitazama usoni. Kwenye kola kulikuwa na mistari isiyo na rangi kabisa, imegandamizwa tu ndani ya karatasi. Kuna mtu alichonga kibao kizima kwa ajili ya kitu ambacho mnunuzi angekiona kwa bahati.

Nikaigeuza. Kwa nyuma ile mistari ya kola imeinuka, inagusika, na katikati ya mgongo michirizi ya baren inazunguka kuelekea kulia. Huwa naiacha nje dakika ishirini, kisha inarudi kwenye folda yake, na naandika tarehe ndani ya mfuniko wa boksi kwa penseli, nijue mwaka huu imekwisha kula mwanga kiasi gani.